Vikombe Vitupu Kwenye Sinia

"Nani katia sukari humu?"

Fundi saa aliirudisha chai kikombeni kwa mdomo, na mkahawa mzima ukageuka kunitazama. Yule mzee ana kisukari. Alikuwa ameniambia, tena kwa kusisitiza, nami nikaitikia kwa kichwa. Lakini kati ya meza yake na jiko kuna pazia, na nilipolipita maneno yake yalikuwa yameshadondoka. Nikakisia.

"Mjukuu wangu, una haraka ya kunizika?"

Mama mdogo, mwenye mkahawa, alimwomba radhi, kisha akanivuta jikoni. "Si uulize! Kuuliza si ujinga."

Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Mwaka uliotangulia niliumaliza chumbani kwa mama, dirisha limefungwa, nikibishana na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia. Dawa zilizinyamazisha. Kichwa, hata hivyo, kilibaki kama kiganja kilicholowa sabuni: nikishika neno la pili, la kwanza linateleza. Muuguzi wa kliniki alimweleza mama mbele yangu, "Hii nayo ni sehemu ya skizofrenia. Si uvivu, wala si dharau." Mama alilia kana kwamba nimeshinda kesi. Mama mdogo ndiye aliyesema, "Nipeni mimi. Akizidi kukaa ndani ataota ukungu."

Sasa, pale jikoni, alikuwa akijikuna shingo, hajui aanzie wapi.

"Labda uoshe vyombo tu, mwanangu," alisema, kwa upole ulioniumiza kuliko makelele.

Huko nyuma kuna karo na ukuta. Nilijua nikiingia sitatoka. Ni chumba kile kile, tofauti yake bomba.

"Niachie leo tu," nilisema, nikashangaa kuwa ni mimi niliyesema.

Nilijaza sinia vikombe vitupu, visahani na vijiko, nikaenda navyo mezani. Fundi saa alinitazama kama aliyeletewa sanda.

"Sema, babu."

"Ya rangi, bila sukari. Bila!"

Nikakipindua kikombe kifudifudi mbele ya macho yake. Kinyozi, jirani yake, alitaka maziwa na sukari: nikakiweka chake juu ya kisahani, kijiko ndani.

"Mbona cha mzee kimelala?" kinyozi aliuliza.

"Kimechoka kukusikiliza," fundi saa alimjibu, na watu wakacheka. Nami nilicheka, mkono mdomoni.

Nilipolipita pazia maneno yalidondoka kama kawaida yake. Vikombe havikudondoka. Nilisoma sinia, nikamimina.

Fundi saa alionja kwa ncha ya ulimi. Akanywa. Kisha akakisukuma kikombe kwangu. "Ongeza."

Si kwamba nimepona kusahau. Kuna siku nasimama baina ya meza nisijue nilikuwa naenda wapi. Siku hizo narudi nilikotoka na kusema, "Imenitoka. Niambie tena." Mwanzoni maneno hayo yalinitoa jasho. Wengine huguna, lakini wengi huniambia tena.

Juzi mchana, wateja walipopungua, mama mdogo alitoka jikoni akifuta mikono, akavuta kiti karibu na dirisha. Sikuwahi kumwona ameketi upande ule wa pazia.

"Dada," aliniita kwa sauti ya mteja, "hapa wateja hawahudumiwi?"

Nikamwendea na sinia. Alikuwa ameshavua viatu.