Chanjo ya Kafumbe

…ao njo vidole vyangu tu vinanidanganya, maana ukishika barafu muda mrefu mukono unaanza kusema uongo, unasema moto pahali pa baridi, na mimi nimekaa hapa kwenye ngazi za dispansari tangu saa mbili ya asubuhi navunja mabonge ya barafu tuliyoomba kwa wauza samaki wa bandarini, yananuka mikebuka yao, nayapanga ndani ya sanduku la chanjo, maana chanjo ikishika joto inakufa, na pale kando ya Land Rover Dokta Gérard ameshika karatasi anaita majina ya sisi tunaojitolea kupanda milima ya Marungu kila kiangazi, bila mushahara, na unga wetu wenyewe, "Citoyen Kalunga!", huyo njo Damien, mwalimu wa shule, yeye hubeba sanduku kichwani pahali gari haifiki, "Niko, Dokta!", sauti ya kufurahi, na mimi nitafuata, Citoyenne Mwila, jina la karatasi, maana Marceline ya ubatizo serikali imeikataza, lakini kule mulimani hakuna anayejua jina ingine, Mama Marceline, njo vile Néhémie ameandika juu ya barua, Kwa Mama Marceline, munganga wetu… wetu… iko hapa ndani ya mufuko wa blouse, imefika jana na bato, ile meli ya Moba, nimeisoma mara nne na sijamwonyesha muntu.

Néhémie ni katekista wa Kafumbe, kijiji cha juu kabisa, siku mbili za miguu kutoka Kirungu, anaandika herufi kubwa kama za ubao wa shule, Mama, tunakusalimu, surua imepanda huku, watoto kumi na mumoja wako chini… na hapo kila mara naacha kidogo, naangalia pembeni, halafu narudi, wale wenye fishi yako, ile karatasi ya chanjo, tuliwatuma wakae na wagonjwa, wawape maji, wawafukuzie nzi, kwa sababu hao wako na sindano, na sasa saba kati yao wameanguka, tumezika wawili, mumoja ni Clémence wa Mama Odile… rudi, Mama, na ile ile sindano, watu wanaamini wewe tu… ile ile, anasema, anaomba ile ile.

"Vichupa ni vichache mwaka huu," Dokta anasema, nasikia nusu, nusu inaliwa na nyundo yangu, "tunafika tu vijiji ambavyo havijapata… Kafumbe iko ndani ya kaye, sitini na wawili, Kafumbe tunaipita," na ni kweli, iko ndani ya kaye, daftari ya watoto waliochanjwa, mwandiko wangu mwenyewe, nilipiga hata mustari chini na rula, sitini na wawili, lakini maji ya sanduku mwaka jana yalikuwa baridi, nadhani yalikuwa baridi, siku ya tatu tangu barafu ya mwisho, Dokta alibaki Kirungu na mama mumoja aliyeshindwa kuzaa, akaniambia nendeni, wewe na Damien, watu wanangoja, tukaenda, jua lilikuwa kali kwenye ule mupando wa mawe, tukapumzika karibu ya kijito, na sanduku Damien aliliweka kivulini, ao kivuli kilihama, ao mimi nilisinzia, ni nusu saa ao ni saa mbili sijui, na Kafumbe nilipofungua kifuniko barafu hapana, maji tu, vichupa vinaelea kama mayai ya chura, karatasi zao zimebanduka, nikatia mukono… na njo hapa pananitesa, usiku mumoja mukono unasema yalikuwa baridi kama ya ziwa alfajiri, kesho yake unasema vuguvugu, kama maji ya kunawisha mutoto muchanga, lakini Marungu kila kitu ni baridi wakati wa kiangazi, mawe ni baridi, hata sahani ni baridi, sasa mukono ulikuwa unapima nini.

Na walikuwa wanaimba, hiyo ninajua vizuri, Néhémie anagonga chuma cha gurudumu, wamama wamepanga foleni tangu asubuhi, wengine wametoka ng'ambo ya bonde, Odile alikuwa wa mbele, ameshika Clémence mukono, visigino vyake vimepasuka, nani angesema rudini, nani angefunga sanduku mbele ya ile nyimbo na kusema dawa imekufa njiani, mimi nilichemsha sindano, nikachanganya unga wa chanjo na maji yake, nikachoma mukono wa kwanza, wa pili, mikono midogo, wanalia halafu wananyamaza wakipewa muhogo, na Odile alirudi wakati wa jioni, na mayai matatu ndani ya kitambaa, akasema, "Mama Marceline, sasa surua haitamushika tena?" nikasema, "Haitamushika, Mama Odile, nenda upumzike," akasema, "Ata akikaa na mugonjwa?" na mimi nilikuwa nimechoka, nilikuwa nafunga sanduku, nikasema, "Ata akikaa na mugonjwa"… nilisema, hakuna aliyeniambia niseme, na Odile alienda kusema nyumba kwa nyumba, ata akikaa na mugonjwa, munganga amesema.

"Citoyenne Mwila!"

Lakini hata chanjo nzuri, Dokta alitufundisha mwenyewe, kati ya watoto kumi mumoja haimukingi, basi sitini na wawili, sita, saba, saba njo hesabu yenyewe, saba Néhémie anasema, basi ilifanya kazi, njo hivyo, barafu ao si barafu ilifanya kazi… lakini hao ni wale waliotumwa kukaa na wagonjwa tu, walitumwa wangapi, kumi, wanane, kama walikuwa wanane na saba wameanguka… Néhémie, kwa nini hukuandika walitumwa wangapi, na barua ni ya wiki tatu, leo ni wangapi… "Mama Marceline, umelala na macho wazi?" Damien anacheka, nainua mukono, maana yake ngoja, Dokta anatazama saa, bato inaondoka saa ine, na ninaweza kumpa barua tu, tazama Dokta, surua iko Kafumbe, bila neno la maji, atasoma, atasikitika, atasema wale wameisha kuchanjwa, tuchukue dawa ya macho na siro ya kikohozi, na vichupa vitapelekwa kwingine, na wale hamsini waliobaki watakaa kungoja zamu yao na fishi zangu zimetundikwa ukutani, na nikisema maji, ataniondoa kwenye karatasi, ana haki, na kule mulimani wakisikia kwamba sindano ya mwaka jana ilikuwa bure, nani atatoa tena mukono wa mutoto wake, watakimbilia porini, basi afadhali kunyamaza, ni kwa ajili yao, ni… hapana, sijui, kama ningejua tu yale maji, kama kungekuwa na muntu mwingine aliyetia mukono, Damien, Damien alikuwa pale…

Damien alikuwa pale. Alikuwa amenipa mugongo, anakunywa maji kwenye kibuyu cha Néhémie, koo inapanda inashuka, na mimi nilikuwa nimefunga kifuniko haraka, paa, na nikamwangalia. Nikamwangalia kama ameona. Hakuwa ameona. Na moyo wangu ukatulia, nilishukuru hata Mungu, nilisema ndani, asante, hajaona… maji ya baridi hayamfanyi muntu aangalie nyuma, kama yangekuwa baridi ningemwita, ningesema Damien, bahati yetu, njoo ushike, mwaka muzima nauliza mukono na mukono haukuwa na kosa, nilijua palepale, mbele ya sindano ya kwanza nilijua, na sitini na wawili wote niliwachoma nikijua, na Odile alipouliza nilijua.

"Citoyenne Mwila, kwa mara ya mwisho, unakuja ao hukuji?"

Bado ni asubuhi ile ile, Damien bado anacheka, kalamu ya Dokta bado iko juu ya jina langu, na mimi nasimama, natoa barua ambayo imelowa pembeni, natembea hatua tano mpaka kwenye Land Rover, na neno linatoka kabla sijalichagua, "Dokta, wale watoto wa Kafumbe niliwachoma maji," na yeye anainua macho, anasema, "Unasema nini, Mama?" na mimi nasema tena, kwa sauti, ili Damien naye asikie.