Kandambili za Kisomo cha Alhamisi

Vifaranga wa Bu Tumirah walikuwa na siku ishirini na mbili, na asubuhi ile kinyesi chao kilikuwa na damu. Makundi mawili kabla yao yalikufa vivyo hivyo. Chumbani kwake kulikuwa na begi lililokwisha fungwa: hawa nao wakifa, atarudi mjini Surabaya kufulia watu nguo.

"Wacha tu, nduk," alimwambia bintiye. "Mkono wangu na kuku havipatani."

"Vimelea havichagui mikono, Mama."

Wening alikuwa amerudi nyumbani Blitar na shahada ya afya ya mifugo na hadubini kuukuu ya kuazima. Alichanganya dawa kwenye maji, akawanywesha vifaranga, kisha akachunguza kinyesi. Mayai ya vimelea yalitapakaa chini ya lenzi. Kilichomkosesha raha ni njia: yameingiaje? Mama yake alichoma maganda yote ya zamani ya mpunga yaliyotandikwa bandani, akaisugua sakafu kwa maji ya moto, akaliacha banda likauke wiki tatu. Banda la Bu Parsih, jirani, halikuwa limefagiwa tangu Ramadhani, na kuku wake walitaga kama kawaida!

Akaenda kuomba kinyesi.

"Mavi ya kuku wangu?" Bu Parsih alishika kiuno. "Chota, mwanangu. Kumbe ndiyo uliyosomea miaka yote hiyo!"

Nako mayai yalikuwepo, machache. Wening alikaa akiyatazama. Kuku wakubwa wameshayazoea, wanayabeba bila kuugua. Vifaranga hawajayazoea. Lakini kati ya mabanda hayo mawili kuna ukuta, na kuku hawatoki.

Alhamisi wanawake walikuja kwa Bu Tumirah kusoma Yasini. Wakavua kandambili kizingitini, lundo zima. Wening alikuwa jikoni akimimina chai alipomwona mama yake anatoka mbio kuwaongezea vifaranga maji kabla kisomo hakijaanza. Bu Tumirah akachomeka miguu kwenye kandambili za karibu, akaenda. Zilikuwa za kijani, za Bu Parsih. Hapo kijijini nani huangalia kandambili ni za nani, kwa safari ya hatua kumi?

Chai ikapoa. Wening alikwangua soli za kandambili zile, akainamia hadubini, kisha akawaita mama yake na Bu Parsih.

Bu Parsih alichungulia kwanza. Wening akamweleza: mayai yale yale, kwenye soli za kandambili zake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua wale wa mwanzo?"

"Si wewe, shoga," alisema Bu Tumirah. "Miguu ni yangu."

"Na maji yanayomwagika chini ya vinyweshea," aliongeza Wening taratibu. "Mayai yakipata unyevu ndipo yanapokomaa."

Bu Parsih akaondoka bila kuaga. Alirudi na mitalawanda ya mbao ya marehemu mumewe, ile aliyokuwa akitawadhia, akaiweka ndani ya mlango wa banda. "Hii isitoke humu. Na mwenye kuingia na kandambili, mimi nitamchapa nazo."

Wakavipandisha vinyweshea juu ya matofali, wakatoa maganda yaliyolowa. Vifaranga tisa walikufa. Siku ya sita kinyesi kilikuwa kikavu, na waliobaki waligombania chakula.

Alhamisi iliyofuata kisomo kilikuwa kwa Bu Parsih. Bu Tumirah alihangaika kutafuta batiki yake nzuri, hadi Wening alipomkumbusha ilipo. Akalifungua begi, akaitoa, akaikung'uta mikunjo.

"Nguo nyingine nazo zitoe, nduk," alisema. "Zitaota ukungu humo."