Maji ya Mstari wa Tatu

Kidole changu kilitoka na tope.

Siku arobaini na moja zilikuwa zimepita bila tone la mvua, na nilikuwa nimechuchumaa chini ya mlonge wa mstari wa tatu, nikikitazama kidole hicho kama mtu aliyejikata bila kusikia maumivu. Kwenye mistari mingine ardhi ilikuwa imepasuka hadi ncha ya kiatu inaingia. Hapa, ukifukua majani makavu ya juu, udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, umeshiba.

Kwa miezi mitatu mstari ule ulikuwa fahari yangu. Tulikuwa tumepanda aina nne za milonge, kila aina kwenye mstari wake. Kila Jumatatu nilipima urefu na unene wa shina, na kila mwisho wa mwezi tulichuma majani, tukayakausha kivulini na kuyapeleka maabara yapimwe protini na madini ya chuma. Miche iliposhika, maji yalikatwa. Ndiyo ilikuwa maana ya jaribio lenyewe. Wakulima wa sehemu kame walikuwa wanasubiri tuwaambie mbegu ipi itawapa majani ya kulisha watoto bila kuwafia shambani. Aina ya tatu ilianza vibaya, imedumaa, majani yamepauka. Halafu ghafla ikanyanyuka, ikaipita mingine yote. Mtafiti mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo ambaye vibarua walimbandika jina la Mizani, alinipiga begani. "Tumepata mbegu," alisema, na jioni ile ile akaanza kuandika pendekezo kwa wakulima.

Sasa, pembeni ya tope lile, niliona alama za kandambili. Kubwa, ya kushoto imelika kisigino. Sikuhitaji kuuliza za nani. Mwenye kandambili hizo ndiye aliyenifundisha kutembea.

Baba alikuwa fundi kufuli. Mama alipofariki alifunga kibanda chake, akawa anashinda sebuleni akiitazama televisheni iliyozimwa. Nikamwombea kibarua cha palizi kwenye shamba letu la majaribio, angalau apate pa kwenda. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu amekakamaa kama askari, jembe begani. "Afisa, nipangie kazi!" Wenzake wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikayaona meno yake. Baada ya hapo alianza kula vizuri. Alianza hata kunilalamikia kwamba naogopa chumvi. Alikuwa akifika kazini kabla ya watu wote, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemponya.

Ningeweza kumwita pembeni kwanza. Nimelifikiria hilo kwa miaka kumi na miwili. Lakini asubuhi ile niliingia moja kwa moja ofisini, nikamweleza Mizani kwamba mstari wa tatu umemwagiliwa. Sikutaja mtu. Akatoka karibu anakimbia, akafukua udongo kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatukusanya wote mbele ya stoo, kucha bado zina matope.

"Miaka miwili ya kazi," alisema. "Nimebakiza kidogo tu niwape watu mbegu ya kuwatia hasara. Nani amefanya hivi?"

Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayepima. Unamjua?"

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Niliogopa wangesema nilijua tangu mwanzo, kwamba baba na mwana tumekaa chini tukapika takwimu. Baba alikuwa ameshavua kofia. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Nikamtangulia.

"Ni kibarua wa palizi," nilisema. "Yule pale."

Sikusema ni baba yangu. Kila mtu pale alijua, Mizani mwenyewe alijua, na nadhani ndiyo maana wote waliinamisha vichwa kama wamevuliwa nguo.

Baba alinitazama kidogo tu. "Ni kweli, mama," alimwambia Mizani. "Nilikuwa naubebea maji kwa ndoo."

"Lakini kwa nini, mzee wangu? Si tulikueleza?"

"Mlinieleza." Aliigeuzageuza kofia mikononi. "Mke wangu alipougua, madaktari waliniambia nisubiri, tuone atakavyoendelea. Nikasubiri. Miezi minne nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono mitupu, naona tu. Sasa hapa ndoo ninayo, bomba lile pale, na mti unakufa mbele ya macho yangu. Nipite tu?"

Mizani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nenda nyumbani, mzee," alisema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Baba akaegemeza jembe ukutani, akaufuta mpini kwa kiganja, akaondoka. Sikumfuata. Nilichukua daftari nikaenda kupima mistari iliyobaki.

Mkataba wangu uliongezwa. Jaribio tukalirudia tangu kupanda, na safari hii, bila maji ya mtu, aina ya tatu ilikufa zaidi ya nusu. Michache iliyopona ilinifika kiunoni, ingawa majani yake yalikuwa na madini mengi ya chuma kuliko yote. Tuliwapendekezea wakulima aina ya kwanza, yenye majani ya wastani, lakini inayoishi.

Jumapili moja nilimpelekea baba ripoti. Miaka yote miwili ya kurudia tulikuwa tukisalimiana vizuri, tukijuliana hali, na habari ile hakuna aliyeigusa. Alikuwa amekonda. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumkuta hai, ila hakuna kati yetu aliyejua. Nilimsomea, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wangepanda ile ya tatu ingewafia."

"Mingi ingekufa, baba."

"Basi mlikuwa sahihi."

Nilitaka abishe. Nilitaka anigombeze, nipate pa kuanzia. Nje wingu lilikuwa linafunga. Baba akajiinua kwa kushika meza, akasema, "Nguo zitalowa," nasi tukatoka uani kuanua mashuka. Alishika ncha mbili, mimi mbili, tukarudi nyuma hadi shuka likanyooka kati yetu, tukasogeleana, akazipokea ncha zangu. Nilifungua mdomo. Yeye akawa ameshageuka, ananyoosha mkono kwenye kamba, anachukua shuka la pili.