Doa la Ukubwa wa Kifungo

Tsss. Sauti ndogo, kama kitone cha maji kilichoangukia pasi ya moto, ilitoka sebuleni kabla hakujapambazuka. Mkaza mwana alikuwa jikoni, anapapasa ukuta kutafuta swichi amchemshie mtoto maziwa. Akatega sikio. Tsss, tena. Kisha harufu ikamfikia: siki.

Akachungulia. Mama mkwe amepiga magoti katikati ya sebule, simu kaibana kidevuni impe mwanga, mkono wa kushoto chupa, wa kulia kitambaa, anasugua sakafu kama mtu anayefuta aibu ya ukoo mzima. Mkaza mwana alifungua mdomo, akaufunga. Lililomwagika lilikuwa limeshamwagika.

Sakafu hiyo ilikuwa ya marumaru, jiwe halisi, na majirani walimwita mama mkwe huyo Mama Marumaru. Yeye alidhani wanamsifu. Viatu viliachwa nje, na vicheko pia. Mgeni akikohoa, ilikaguliwa kwanza sakafu, kifua chake baadaye.

Wiki mbili nyuma, mjukuu wake wa miaka minne alipita na kikombe cha juisi ya machungwa, tone moja likadondoka, wakubwa wakaendelea kula. Lilipokuja kufutwa, liliacha alama iliyofifia, ukubwa wa kifungo cha shati. Tangu siku hiyo mtoto alipigwa marufuku sebuleni. Alisimama mlangoni, vidole vya miguu sawasawa na ukingo wa marumaru, kama msafiri asiye na kibali mpakani. Na Mama Marumaru alikwisha kutangaza: doa lisipotoka kabla ya Jumamosi, siku ambayo wifi yake angekuja, marufuku ni ya kudumu. Mtoto atakula, atacheza na atakulia kwenye korido ya jikoni. Baba wa mtoto alikuwa safarini kikazi. Kwenye simu alisema tu, "Mvumilie mama." Mkaza mwana alivumilia, lakini kila alipoviona vile vidole vimejipanga, roho ilimuuma.

Alikuwa amejaribu kusema.

"Mama, hilo si uchafu. Ukali wa chungwa umelila jiwe lenyewe. Siki na ndimu zitalila zaidi. Hii inataka maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, basi. Pale kwenye doa aitwe fundi apang'arishe upya."

"Nani kakwambia?"

"Karatasi ya maelekezo, waliyoiacha mafundi walioiweka sakafu."

"Iko wapi? Mbona mimi sijaiona?"

"Kwenye droo ya vijiko, Mama. Umeitandika chini."

Mama Marumaru alicheka mpaka akashika mbavu. "Karatasi! Mimi nasugua masufuria kwa ndimu tangu hujazaliwa, yanang'aa mtu anachania nywele!"

Basi Jumamosi ndiyo hiyo imekucha, na kifungo kimekuwa sinia. Katikati ya sebule pamebaki weupe mkavu, butu, kama ramani ya nchi isiyo na mvua. Mama Marumaru akamwita mkaza mwana.

"Unaona alichofanya mwanao?"

"Mwanangu alikuwa amelala, Mama."

"Ni juisi ile ile. Imeenea. Vitu vya majimaji huenea."

Mkaza mwana alikwenda nyuma ya nyumba akampigia fundi.

Zulia la kufunika halikuwapo. Mama Marumaru aliapa zamani kwamba kufunika marumaru ni kumvisha bibi harusi gunia. Kwa hiyo kengele ilipolia saa nne, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alimkuta ameketi sakafuni, gauni limetandazwa pande zote kama mwavuli.

"He, wifi! Viti vimekufa?"

"Kiuno, wifi yangu. Daktari kasema nikae pa baridi."

"Daktari gani huyo?"

"Mpya."

Hata wifi hajamaliza kumeza uongo huo, fundi akabisha, ndoo mkononi na mashine begani. "Nimeambiwa siki imekula marumaru."

"Siki?" Wifi mtu masikio yalimsimama.

"Mtoto huyo!" Mama Marumaru alinyoosha kidole kwenye mlango wa korido, mjukuu aliposimama. "Kamwaga juisi. Watoto wa siku hizi hawafunzwi."

Mtoto alivikunja vidole vyake vya miguu. Fundi alichuchumaa pale weupe ulipochomoza nje ya gauni, akapapasa kwa kiganja.

"Juisi huacha tone, mama. Hapa pamesuguliwa, duara juu ya duara, urefu wa mkono mzima. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne," alisema mkaza mwana.

"Basi ana mkono mrefu kuliko wangu."

Wifi mtu alijiziba mdomo, mabega yakacheka yenyewe. Mkaza mwana alisogea na trei ya chai mpaka mbele ya mama mkwe.

"Mama, nilikuona alfajiri. Nilinyamaza nikusitiri. Lakini mtoto hatalibeba hili. Na koridoni harudi."

Mama Marumaru akamtazama fundi, akamtazama wifi yake, akaitazama dari.

"Ile siki," alisema hatimaye, "itakuwa ilichacha."

Wifi mtu akaanguka kitini kwa kicheko. "Siki imechacha! Wifi, utaniua!"

"Inatibika," fundi alisema, naye anajikaza asicheke. "Nusu siku tu. Lakini inuka, mama, nianze."

Hakuinuka. Kuinuka ni kumwonyesha wifi ramani nzima. Alishikilia gauni kwa mikono miwili, kama lingepaa.

Mkaza mwana aliweka trei mezani, akageukia mlango. "Ingia, mwanangu."

Mtoto alimtazama bibi. Bibi alitazama ukuta. Mguu mmoja ukavuka ukingo, ukasubiri kelele, kelele haikuja. Wa pili ukafuata. Alitembea polepole juu ya marumaru, pap, pap, pap, mpaka lilipoanzia gauni, akasimama.

"Bibi, sogea na mimi nikae."