Umekula?

Kavutha aliyachagua maneno yale mwenyewe. Kliniki ya vijana ilipomwajiri awatumie wenzake ujumbe wa kuwakumbusha dawa za ukimwi, alikataa katakata dawa kutajwa. Yeye pia alizaliwa na virusi, na alijua simu ya nyumbani haina mwenyewe: mama huishika, ndugu huishika, mpenzi huipekua. Basi kila jioni aliwauliza tu, "Umekula?" Aliyemeza alijibu, "Nimekula." Mwenye tatizo alijibu, "Bado," naye Kavutha akampigia au akamfuata alipo.

Tobias, fundi kijana wa akala, viatu vya matairi, pale sokoni Kariokor, hakuwahi kujibu "Bado." Jibu lake ndilo lililotangulia daima. Hata siku alipokosa kuja kuchukua dawa za mwezi, jioni ile alijibu, "Nimekula." Kavutha akajiuliza. Amekula nini, na chupa zake za dawa zimekwisha? Asubuhi akashika njia hadi kwao, mtaa wa Mowlem.

Mlango ulifunguliwa na Celine, dada mdogo wa Tobias. Kavutha akajitaja.

"Kumbe wewe ndiye Kavutha! Yule wa kuuliza kama ndugu yangu amekula?" Akacheka. "Mimi ndiye ninayekujibu siku hizi. Tobi alipohamia Majengo kwa mafundi wenzake aliniachia simu. Akasema nikujibu amekula, usisumbuke. Sasa amerudi, anaumwa."

Tobias alikuwa amelala nyuma ya pazia, mashavu yamebonyea, akikohoa kama mtu anayepasua kuni. Celine alipotoka kuteka maji, Kavutha aliinama.

"Ulikuwa na neno moja tu la kuniambia, Tobi. Bado."

"Ungekuja." Alitafuta pumzi. "Wale mafundi waliziona dawa. Wakanitengea kikombe, wakakitia alama. Nikazitupa mtaroni. Ungekuja kule, wangekuwa na hakika ni za ukimwi."

"Twende hospitali."

"Twende. Lakini Celine asijue. Wala mama. Niahidi."

Kavutha aliahidi. Angeahidi lolote wakati ule.

Hospitalini waliambiwa kifua kikuu kimekwisha kupanda kichwani. Tobias aliweweseka, akamwita mama yake kwa jina la bibi yake, kisha akanyamaza. Hakuimaliza wiki ya pili.

Siku ya matanga, huku wanakwaya wakipanga viti, Celine alimvuta Kavutha kando ya ukuta.

"Daktari alimuuliza mama kama Tobi alikuwa akimeza dawa zake. Dawa gani?"

Kavutha aligeuza macho kwa wanakwaya.

"Lile swali lako halikuwa la chakula."

"Celine, ulifanya alichokuomba kaka yako."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza, kila nilipokuandikia 'Nimekula', nilikuwa nasema nini?"

Kavutha alikumbuka ahadi aliyompa Tobias. Akanyoosha mkono amshike Celine bega. Celine akarudi nyuma, kisha akaenda kukaa karibu na mama yake. Hakuuliza tena. Kavutha aliona kwamba msichana yule alikuwa amejijibu mwenyewe, na jibu hilo atazeeka nalo.

Jumatatu, kliniki iliendelea na ujumbe wake. Kavutha hakuuamini tena. Alianza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, asikie sauti ya mwenyewe. Wengine walifurahi. Wengi walinong'ona haraka kwamba hawako peke yao, wakakata. Binti mmoja wa Majengo alimwambia, "Dada, ukinipigia tena utanifukuzisha nyumbani," na tangu hapo simu yake haikupatikana.