Homa ya Posa

Mpimaji wa damu wa hospitali ya wilaya aliinua uso kutoka kwenye darubini, akapangusa lenzi, akainama tena. Bado walikuwepo. Ndani ya chembe za damu kulikuwa na vipete vidogo vya zambarau, kila kimoja na kito chake. Vimelea vya malaria. Siku hizi alizoea kuviona kwenye vioo vya mafunzo tu.

Lakini kilichomtia baridi ni kwamba damu ile ilikuwa ya baba yake.

Nchi nzima ilikuwa roho juu. Ili itangazwe kuwa imeitokomeza malaria, ilitakiwa imalize miaka mitatu mfululizo bila mtu hata mmoja kuambukizwa ndani ya mipaka yake, na sasa ilibaki miezi michache tu. Aliyeambukizwa nchi nyingine hana neno: anatibiwa, anafuatiliwa, hesabu inaendelea. Akipatikana aliyeumwa na mbu wa nyumbani, hesabu inarudi mwanzo.

Alikimbilia wodini. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, mtaani walimwita Mzee Pasi, kwa kuwa suruali zake zilikuwa na mstari ulionyooka kuliko rula. Siku hiyo alijikunyata chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana.

"Baba, ni malaria. Ulisafiri wapi?"

"Si nilikwenda kwa shangazi yako?"

"Kwa shangazi ni mji wa pili tu hapo. Hukupita kwingine?"

"Mwanangu, mtu wa umri wangu aende wapi? Mwezini?" Akageukia ukutani.

Alimpigia simu shangazi. "Alikuwa hapa hapa!" shangazi akajibu kabla hajamaliza kuulizwa. "Alikula, akalala, akala tena. Haya, sufuria yangu inaungua." Simu ikakatwa.

Binti hakuwa na la kufanya ila kutoa taarifa. Mchana huo huo akafika ofisa wa malaria, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ndiyo maana walimwita Kamanda. Alikuwa ameipigania kazi hii tangu ana nywele kichwani. Aliposikia kwamba mgonjwa hajavuka mpaka, alikaa kwenye benchi la maabara, akaanza kuandika orodha ya nyumba za kupimwa.

Kesho yake mtaa ukageuzwa juu chini. Vijana wa afya waliingia nyumba hadi nyumba, wakitoboa vidole, wakipuliza dawa kutani, wakichota maji kwa upawa kutafuta viluwiluwi vya mbu. Hakuonekana mgonjwa mwingine. Lakini nyuma ya nyumba iliyopakana na ya Mzee Pasi kulikuwa na kibwawa cha mayungiyungi, mali ya bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekichimba kwa mikono yake. Upawa ukatoka na viluwiluwi viwili.

"Hapa ndipo penyewe," Kamanda akasema. "Kifukiwe."

"Kifukiwe?" Mwalimu akashika kiuno. "Samaki wangu wanakula viluwiluwi kuliko wewe unavyokula mkate! Hao wawili walikuwa wamewekwa kiporo!"

Majirani waliokuwa wakimsifia maua jana, leo walimtazama kwa jicho la pembeni. Mmoja akanong'ona kwamba bibi huyu ataiaibisha nchi.

Mzee Pasi aliruhusiwa kutoka hospitali dawa zilipomkolea. Binti yake alikuwa amemshika mkono, wakakuta umati uani kwa jirani, vijana na makoleo, na mwalimu amesimama mbele ya maua yake. Mzee akasimama. Akamtazama binti yake, akatazama makoleo.

"Wekeni chini hayo," akasema. "Bibi huyu hana kosa. Malaria hii nimeitoa ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?" Kamanda akamrukia.

"Mpakani, upande wa pili. Kwa..." Akakohoa. "Kwa mchumba."

Mtu huko nyuma akapiga kigelegele.

"Baba!" Binti akasema.

"Ningekwambiaje? Shangazi yako alipotaja tu habari ya mimi kuoa, uliondoka mezani, ukashinda unaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikasema, bora ninyamaze, na shangazi yako anifichie, kuliko kukuumiza tena."

Binti alijua ni kweli. Mama yake alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, na siku ile binti aliona kama kiti cha mama kinauzwa.

Kamanda hakuwa na muda wa machozi. "Mzee, nataka uhakika. Mpigie simu huyo mchumba. Sote tusikie."

Sauti ya mwanamke ikajaa uani. "Umepona, fundi wangu? Hata mimi niliugua, nimemaliza dawa juzi. Si nilikwambia ulale ndani ya chandarua? Ukasema kitaikunja suruali uliyoitundika!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kamanda mwenyewe alicheka mpaka akaegemea koleo, kisha akauliza tarehe za kwenda na kurudi, akahesabu kwa vidole. Zililingana barabara na homa ilivyoanza. Malaria ya kutoka nje! Akamkumbatia Mzee Pasi, akamkumbatia mwalimu, akataka kumkumbatia na jirani aliyenong'ona, naye akajificha.

Binti akaiomba simu. Alitafuta la kusema, akaishia kwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako anasema wewe ndiye unayeona visivyoonekana."

"Hiki hakikupita kwenye darubini, mama," akajibu, na wote wawili wakacheka.

Posa ilipelekwa baada ya mwezi. Kamanda aliwasimamia wasafiri wote wameze vidonge vya kinga mbele ya macho yake, akawafungia na vyandarua kwenye mizigo. Mtaani walikoleza vipimo na ulinzi mpaka miezi ile ikaisha, na hakuna aliyeugua tena. Siku cheti cha kuitokomeza malaria kilipotangazwa, bibi harusi alikuwa ameshazoea mtaa kiasi cha kugombana na mwalimu kuhusu chakula cha samaki. Binti alisikia tangazo hilo akiwa maabara, redio ikilia koridoni na manesi wakipiga makofi. Akatabasamu, akaweka kioo cha mgonjwa mwingine chini ya lenzi, akainama kutazama.