Mama wa Hadithi ya Joline

Kitu cha kwanza Greta alichokiona ni kucha za Joline, zimetafunwa mpaka karibu na nyama. Theluji ya jimbo la Iowa, Marekani, ilikuwa imeyeyuka, madirisha ya darasa la uandishi yako wazi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya hadithi ya Joline kujadiliwa. Desturi yao ni moja: mwenye hadithi hafungui mdomo mpaka wenzake wote wamalize kusema.

"Insha za wanafunzi wako zitakuua, shoga," Joline alimnong'oneza.

"Zishaniua. Unaongea na mzimu."

Greta, aliyekuwa akisoma huku akifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa amesahihisha insha arobaini wiki hiyo. Hadithi ya rafiki yake hata hakuifungua.

Msemaji wa kwanza alidai mama wa hadithi hana moyo. Wa pili akaitikia. Greta alipofikiwa, akadakia, "Kweli, mama yule ni jiwe." Joline akamtazama, akayaandika maneno hayo.

Jumamosi ndipo Greta alipoisoma. Mama yule alimwachia bintiye kipande cha mwisho cha pai, akisingizia jino linamuuma. Hakuwa jiwe hata kidogo.

Jumatatu akamkuta Joline ukumbini, anacheka.

"Yule mama nimemfuta kabisa kwenye hadithi! Wale wengine nisingewasikiliza, lakini wewe hunidanganyi."

"Vizuri," Greta akajibu, akashika njia ya darasani.

Walihitimu, wakapotezana. Neno ambalo Greta alilimeza siku ile ni hili: Joline, sikuwa nimeisoma.